Hereni za Kupanda Ndege

Baba mkwe wangu namjua kwa mgongo. Ni mgongo mwembamba ndani ya koti la kijivu, bega la kulia limeshuka kidogo, na juu yake kofia ya sufi isiyovuliwa hata jua likiwaka. Uso wake nimeuona vizuri kwenye picha ya harusi yetu tu, na hata pale anatazama pembeni, kama mtu aliyesikia mbuzi wake analia kwenye shamba la jirani.

Huku Rungwe, mzee na mke wa mwanawe hawatazamani. Wengi wa mjini wameshaacha, lakini kijijini Lufingo, kwa akina mume wangu, mwiko huo bado unashikwa. Nikimwona anakuja njiani, napinda kwenye migomba na kujifunika kanga mpaka apite. Hatupeani kitu mkono kwa mkono. Hatusemeshani. Akiwa na neno kwangu, anamwambia binti yake huku mimi nikisikia, au anamwambia mbwa. Mimi ni mtu wa Singida. Nilikulia kwenye nyumba ambamo baba alikuwa akinichomolea nyama kwenye sahani yangu na kukimbia nayo, sote tukicheka. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani mzee huyu hanipendi. Mwaka wa pili nikagundua kwamba kuni kavu huwa zinanisubiri jikoni kila nikienda, na kwamba hakuna aliyekubali kusema nani kazipasua.

Nilipopata mwaliko wa kwenda Ulaya, kukaa mwezi mzima kwenye nyumba ya waandishi nimalize riwaya yangu, tulikwenda Lufingo kutoa habari. Ilikuwa mchana wenye ukungu, ule ukungu wetu unaoshuka kutoka mlimani na kukaa juu ya mashamba ya chai kama unapumzika. Tulikula ndizi na maharage. Kisha nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa, hatua zinaingia, kitu kinawekwa, hatua zinatoka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akanishika mkono akanipeleka sebuleni. Juu ya kigoda palikuwa na leso nyeupe iliyofungwa fundo.

"Fungua, mke wangu," alisema. Wifi ananiita mke wake tangu siku ya harusi, kwa kuwa, anasema, ng'ombe wa mahari walipita mbele ya macho yake.

Ndani yake mlikuwa na hereni za mama mkwe.

Nilizijua. Ni vipete viwili vinene vya dhahabu, vimechakaa upande mmoja kwa kulaliwa miaka mingi. Mzee alikwenda kuchimba Chunya akiwa kijana, akarudi na dhahabu kidogo, akampelekea sonara wa Mbeya. Mama mkwe alizivaa kanisani, alizivaa akichuma chai, alizivaa hospitalini. Aliyezitoa masikioni siku ya mwisho ni mzee mwenyewe.

"Baba anasema uende nazo," wifi akasema. "Usiziweke kwenye begi. Uzivae."

Nyuma ya nyumba mtu akakohoa. "Mbwa," sauti ikasema, "umesikia? Masikioni."

Nilitaka kucheka na kulia. Nikamgeukia wifi nimkumbatie, na hapo nikaona masikio yake. Kwenye kila tundu alikuwa amechomeka kijiti cha ufagio, kifupi, kimekatwa sawasawa.

"Natunza matundu yasizibe," alisema alipoona ninakotazama. "Siku mchumba wa maana akija, asikute nimeziba."

Tulicheka. Lakini yeye ndiye aliyefunga cherehani yake Mbeya akarudi kijijini kumuuguza mama. Ndiye aliyemwogesha. Mimi nilikuja mwisho mwisho na matunda kwenye mfuko wa nailoni. Nikazifunga tena zile hereni kwenye leso, nikazipakata njia nzima kurudi mjini.

Tunaishi mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, nyumba ya kupanga yenye uzio wa matete. Waandalizi wa safari walikuwa wamenitumia maelekezo, na mojawapo lilisema waziwazi: vito vya thamani viacheni nyumbani, kwenye treni za mji ule kuna wezi wepesi wa vidole. Nikampelekea hoja hiyo jirani yangu, muuguzi kutoka Tanga, ambaye aliwahi kwenda kusoma kozi nje.

"Shoga, wezi si tatizo," alisema huku anasuuza nguo. "Tatizo ni wewe. Utazivua kuoga, utaziweka pembeni ya sinki, utachelewa basi. Mimi niliacha pete kwenye sinki la watu. Mpaka leo nikinawa naikumbuka."

"Kwa hiyo nisizivae?"

"Vaa za plastiki. Wazungu watakwambia ni za asili, utawaitikia."

Mume wangu alikuwa na njia yake. Ni mwalimu, anapenda majibu yanayoisha. "Vaa mpaka Songwe," alisema. "Pale uwanja wa ndege vua, nipe, nirudi nazo. Ukirudi nakupokea nazo, unavaa, tunakwenda Lufingo."

"Na baba?"

"Baba atajuaje? Si hakutazami."

Alisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini maneno yale yalinikaa. Ni kweli, mzee asingejua. Ningeweza kwenda masikio matupu, au na vya plastiki, au na misumari, naye angesimama mbele ya nyumba yake amenigeuzia mgongo, akiamini. Heshima aliyonipa ndiyo ingenifichia uongo wangu. Nilijaribu kuzivaa mbele ya kioo. Zilikuwa nzito. Shingo yangu ikanyooka yenyewe, nikawaona watu wa treni wananitazama, nikaona vidole vyepesi, nikazivua.

Hapo ndipo liliponijia wazo nililoliona zuri. Ningezirudisha kwa mwenye haki nazo.

Siku ya soko nilimfuata wifi kwenye sehemu yake. Alikuwa ameketi nyuma ya mikungu ya ndizi na rundo la maparachichi, sweta limefungwa kiunoni.

"Mke wangu wa Ulaya!" alipaza sauti mpaka wanawake wa pembeni wakageuka. "Mtazameni, kaja kuniaga na mikono mitupu."

"Sijaja mikono mitupu." Nikachuchumaa, nikamwekea leso magotini.

Aliijua kabla hajaifungua. Uso ukabadilika. "Hii ya nini?"

"Niwekee. Huko kuna wezi. Na wifi, nisikilize, hizi ni zako. Ulipaswa kupewa wewe."

"Aliyenipa nani? Baba?"

"Mimi."

"Wewe si baba." Alisukuma leso. "Unataka anione nazo aseme nimekunyang'anya? Mwenzangu, mimi ndiye ninayekaa naye nyumba moja. Wewe unakaa kwenye ndege."

"Mume wangu atamweleza."

"Kaka? Huyo atamweleza siku ya kiama."

Mteja alikuja, wakabishana bei ya mkungu, akaondoka bila kununua. Mimi bado nilikuwa nimechuchumaa. Nikamwambia mambo mengi. Kwamba dhahabu ni salama zaidi masikioni mwa mtu kuliko kabatini. Kwamba mama angefurahi. Kwamba avae nikishaondoka, basi, afunike na kitambaa. Nilikuwa na maneno, si ndiyo kazi yangu. Nilimwona anavyolainika, vidole vikirudi kwenye leso vyenyewe, vikipapasa umbo lililo ndani. Nikajiona mtu mwema. Niliporudi nyumbani nilitembea kama niliyetuliwa mzigo, na sikujiuliza mzigo ule nilikuwa nimemtwisha nani.

Mume wangu aliahidi kumwambia baba yake. Alikwenda Lufingo mara mbili, akarudi mara mbili akisema hakupata nafasi nzuri.

Siku ya kuondoka tulipitia kijijini kwa sala. Mzee wa kanisa alikuwepo, na majirani wachache, na ndugu kutoka Mpuguso na kuku waliyemleta nimpe zawadi mzungu. Sala ndiyo pekee inayoniweka chumba kimoja na baba mkwe. Wote tukishafumba macho, yeye huingia taratibu na kusimama karibu na mlango, na kabla ya amina ya mwisho huwa ameshatoka. Siku ile nilisikia hatua zake, nikasikia harufu ya moshi wa kuni kwenye koti lake, na mzee wa kanisa akaniombea milima na bahari na maadui wa njiani. Sikuomba kitu. Nilikuwa nasikiliza kama bado yuko mlangoni.

Baada ya sala tukatoka nje. Mzee alikuwa uani, mgongo kwangu, kama kawaida. Wifi akainama kubeba begi langu ampelekee dereva. Alipoliinua kichwani, kitambaa alichojifunga kikasogea nyuma, kikaanguka begani.

Alikuwa amezivaa. Hakuweza kungoja niondoke. Sijui alizivaa tangu lini, labda asubuhi ile tu, labda akilala nazo. Zilikuwa zimemkaa vizuri kuliko zilivyonikaa mimi. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyofanana na mama yake, shavu na shingo na namna ya kusimama chini ya mzigo.

Naye mzee aliona. Mimi hanitazami, lakini binti yake anaruhusiwa kumtazama, na alimtazama muda mrefu.

Mbwa alikuwa amelala karibu na banda la kuni. Mzee akamgeukia.

"Mbwa," akasema, kwa kile Kiswahili chake kilichozaliwa kwenye Kinyakyusa, "sile heleni hasikuwa sa kukaa hapa. Huyu mama alikuwa hajafika hata Dal es Salaam. Nilimwahidi ndege. Nilisema, tukipata, nitakupandisha ndege. Hatukupata." Akaongeza: "Nikasema basi aende na mkwe."

Tangu nipokee ile leso nilikuwa nikiifikiria dhahabu. Nilifikiri mzee anataka nionekane mtu wa heshima mbele ya wageni. Nilifikiri juu ya wezi, na sinki, na haki ya nani kurithi. Kumbe alikuwa anamsafirisha mke wake.

Wifi aliliteremsha begi. Akapeleka mikono masikioni, akaanza kuzivua.

"Nilikuwa nazijaribu tu, baba," alisema. "Mkwe wako aliniachia nizisafishe. Nikazijaribu. Nisamehe."

Huo ulikuwa wakati wangu wa kusema. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Lakini mkwe hasemi na mkwe, na mimi, niliyekuwa nikiuona mwiko ule kama ukuta wa watu wengine, nikajibanza nyuma yake. Nikajifunika kanga. Nikainamisha kichwa. Yeyote aliyeniona angesema, mtazame binti wa Singida, amejifunza adabu.

Mume wangu alitazama viatu vyake.

Wifi alikuja akanivisha mwenyewe. Alinisogeza kichwa kama mtoto, sikio moja, halafu jingine. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Nenda naye salama," akaninong'oneza. "Na usinililie hapa, utafanya baba ajue." Kisha kwa sauti kubwa, kwa watu wote: "Huyu akirudi bila hizi, mahari irudishwe, ng'ombe na majani waliyokula!"

Watu wakacheka. Gari likaondoka.

Nilizivaa Songwe, nilizivaa Dar es Salaam. Kwenye lango la ukaguzi mlio ukalia, afisa akaniomba nizivue, nikazishika kwenye kiganja mpaka akachoka kunitazama. Kwenye ndege sikulala. Kila nikisinzia nilishtuka na kupeleka mkono sikioni. Tulipofika, treni kutoka uwanja wa ndege ilikuwa imejaa watu wenye mikono mirefu, au ndivyo nilivyowaona, na nilipoingia kwenye chumba changu kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzivua, kuzitia ndani ya soksi, na soksi nikaitia ndani ya soksi nyingine, chini kabisa ya kabati.

Zikakaa huko.

Niliandika vibaya. Nilikaa mezani nikitazama mto uliopita chini ya dirisha, wa kijivu, mpana, na mashua za watalii, na kila nilipomfanya mhusika wangu afunue kinywa, alisema, nilikuwa nazijaribu tu, baba. Niliifuta sentensi ile, ikarudi kwenye ukurasa mwingine. Nilikuwa nimempa mtu kitu alichokitamani, nikamwacha akitoe mbele ya watu kama mwizi. Halafu nikaja kukificha kwenye soksi.

Jumapili ya pili wifi alipiga simu. Nyuma yake nilisikia mvua kwenye bati.

"Mke wangu! Umeganda?"

"Nimeganda. Sauti umeiweka juu?"

"Iko juu, simu iko kwenye kigoda. Baba yupo nyuma ya jikoni, anachambua maharage. Maharage yenyewe tulishachambua jana." Akapunguza sauti. "Tangu juzi ananizunguka. Anataka kujua mama ameona nini."

Nilitazama kabati. Ningeweza kumjaza mzee yule picha. Madaraja, sanamu, theluji hata kama haikuwepo. Ningempeleka mke wake kila mahali kwa dakika tano, na angeamini, na angelala vizuri. Kinywa changu kilikuwa tayari.

"Wifi," nikasema, "nasema na wewe. Wewe tu."

"Sema."

"Zile hereni hukuzijaribu. Nilikuletea mimi sokoni. Ulikataa, nikakubembeleza. Niliogopa kuibiwa, na niliona aibu kuzivaa wakati wewe upo, nikataka mambo yote mawili yaishe kwa mara moja. Na pale uani nilisikia unasema uongo kwa ajili yangu, nikajifunika."

Mvua ikaendelea kwenye bati. Nilijua mzee anasikia, kwa sababu mlio wa maharage kwenye ungo ulinyamaza.

"Haya," wifi akasema hatimaye. Sauti yake haikuwa na utani. "Haya, nimesikia." Kisha akili yake ikafika mahali ambapo yangu haikutaka ifike. "Na sasa hivi ziko wapi?"

"Kabatini."

"Kabatini wapi?"

"Kwenye soksi."

"Tangu lini?"

"Tangu nifike."

Aliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kujipiga mapaja, na ndani yake kulikuwa na hasira pia, nilivisikia vyote viwili vikipishana. "Baba!" alipiga kelele. "Baba, mama yuko kwenye soksi!"

Nilifumba macho. Kwa mbali, nyuma ya ukuta wa jikoni, nyuma ya mvua, sauti ya mzee ikaja.

"Kuna balidi huko?"

"Anauliza kama kuna baridi," wifi akasema.

"Baridi sana."

"Baridi sana, baba!"

Sauti ya mzee ikaja tena: "Basi soksi si mbaya. Lakini amtoe kidogo, aone."

Sikujua kama nimesamehewa. Hadi leo sijui, maana hilo si jambo la kuulizia kwa mgongo wa mtu. Na wifi, kabla ya kukata, aliondoa sauti ile ya wote wasikie, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Ukirudi usiniletee tena leso sokoni. Kama ni za kunipa, atanipa mwenyewe. Na asiponipa, si kazi yako." Nikasema sawa. Akasema, "Haya, toka sasa, kabla hakujachwa."

Nikachimba kabatini. Nikazivaa bila kioo. Nilitoka bila kofia ingawa upepo wa mtoni ulikuwa unakata, nikapita kwenye daraja palipo na watu wengi kuliko pote, nikitembea polepole kwenye ukingo. Wawili watatu waliniangalia. Katikati ya daraja nikasimama kwa muda mrefu, nikageuza sikio moja upande mashua zilikokuwa zinatoka, halafu nikageuza na jingine.